Injini ya nitro inazimika ovyo? Weka bisibisi chini kwanza, fuata njia ya mafuta

Jumapili nilikuwa Kisongo, kuna chalii kaja na kigari chake cha rimoti cha injini ya 21, yaani cc 3.5, anavuta kamba ya kuwashia mpaka kidole kimetoka lengelenge, inawaka sekunde kumi inazima, inawaka tena inazima, na kila ikizima anachukua bisibisi anazungusha sindano, zile skrubu za kabureta zinazopima mafuta. Nikamuuliza hii sindano ya juu (ya resi kubwa) mwanzoni ilikuwa imefunguliwa mizunguko mingapi, akaniangalia tu, hakumbuki. Tulikuja kugundua baadaye kwamba sindano haikuwa na kosa lolote, ni mpira wa mafuta ulikuwa na kitundu kama cha pini pale unapopita karibu na flaiwili, ulikuwa unasuguana kidogo kidogo mpaka ukatoboka. Tukakata kipande tukabadilisha, shida ya kuzima ikaisha palepale. Ila kurudisha zile sindano mahali pake ilituchukua saa nzima.

Ndo maana nimekaa kuandika hii. Karibu kila mtu ninayekutana naye Arusha na Moshi mwenye kigari au kindege cha nitro anafanya hivyohivyo, injini ikikohoa tu anakimbilia sindano. Sindano ni kitu cha mwisho. Mafuta yanatoka kwenye chupa yanaingia kwenye tenki, yanapita kwenye mpira, filta, kabureta, afu yanaungua kwa plagi, sasa we anzia kwenye chupa uende nayo hivyohivyo mpaka mwisho, usiruke hatua.

Kabla ya yote naomba tuelewane kuhusu haya mafuta yenyewe maana sio ya mchezo. Ndani yake kuna methanoli, nitromethani na oili. Methanoli ni sumu, kiasi kidogo tu mtu akinywa anaweza kupofuka au kufa, na inapita hata kwenye ngozi. Kwa hiyo USIHAMISHIE kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kidogo, hata kwa dakika tano, maana rangi yake ni nyekundu au kijani ya kuvutia na mtoto ataona juisi. Mtu akinywa usisubiri uone dalili, mkimbize hospitali muda huohuo na chupa uende nayo. Ikiruka machoni osha kwa maji mengi afu nenda ukaonekane. Kingine, moto wa methanoli mchana juani karibu hauonekani, unaweza ukashika kitu kinachowaka hujui, kwa hiyo ukisikia joto la ajabu karibu na tenki rudi nyuma. Mi huwa nina ndoo ya maji pembeni, methanoli inachanganyika na maji kwa hiyo ukimwaga mengi inazimika. Na usiwashe injini ndani ya chumba.

Hatua ya kwanza, chupa

Methanoli inavuta unyevu kutoka hewani. Ukiacha kifuniko wazi wakati unacheza, asubuhi ya mwezi wa saba hapa Arusha na ule ukungu unaoshuka kutoka Meru, unaingiza maji kwenye mafuta yako taratibu na wala huoni kitu. Nitromethani nayo haipendi mwanga wa jua. Kwa hiyo chupa ifungwe kila ukimaliza kujaza, na ikae gizani, sehemu ya baridi, sio kwenye buti la gari wiki nzima.

Mafuta yakichoka injini inakuwa ngumu kuwaka, haishiki sailensi (kunguruma chini bila kupewa resi), na leo ukitayuni vizuri kesho imebadilika bila sababu. Hapo unaweza kuzungusha sindano mpaka usiku usipate kitu. Mi mwenyewe nishawahi kuuziwa galoni lisilo na lebo, nikaambiwa ni nitro asilimia 25 freshi kabisa, nikahangaika nalo Jumamosi mbili, injini inapata moto vibaya na plagi zinakufa, mpaka nikaazima chupa ya jamaa yangu ambayo haijafunguliwa, nikaweka, ikawaka mvuto wa pili. Tangu siku hiyo sinunui mafuta ambayo lebo yake siioni. Na kipimo changu cha kwanza cha mafuta ni hichohicho, tafuta mafuta ambayo una uhakika nayo, hata kwa kuazima ya kujaza tenki moja, jaribu. Ikitulia umeshapata jibu. Ukiona mafuta yana ukungu au oili imejitenga chini na hata ukitikisa hairudi, usiyatumie. Tikisa chupa kila siku kabla ya kujaza hata kama yanaonekana sawa.

Angalia pia asilimia. Vigari vingi vinatumia nitro kati ya 16 na 25, vindege mara nyingi 10 mpaka 15 lakini oili yake ni nyingi zaidi, karibu 18 mpaka 20. Nitro ikiongezeka injini inataka mafuta mengi zaidi kwa hewa ileile, kwa hiyo ukitoka 16 ukaweka 25 lazima ufungue sindano ya juu kidogo kwanza. Ukiacha ilivyo utakuwa unaikausha, yaani unainyima mafuta.

Halafu lile swali. Kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Arifu, hamna namna ya kuweka petroli? Mafuta haya hayapatikani." Hamna. Plagi ya glo haina cheche kama ya pikipiki, ina kinyuzi cha platinamu ambacho kinabaki chekundu kwa sababu methanoli ikigusana na platinamu inatoa joto, pamoja na mgandamizo wa silinda. Petroli haifanyi hivyo, ukitoa betri tu inazima, na isitoshe petroli ya kawaida haina oili ya kulainisha pistoni. Spiriti ya bluu nayo usijaribu, ina maji na haina oili. Najua mafuta ni shida kufika huku, yanaingia kwenye kundi la mizigo hatari kwa hiyo ndege nyingi zinakataa kubeba, lakini bora kigari kikae kabatini mwezi mzima kikisubiri kuliko kuua injini siku moja.

Plagi

Hii tu ndo naitanguliza nje ya mstari, maana ni ya dakika mbili na inaokoa siku nzima. Fungua plagi, iweke kwenye kiwashio chako (kile cha betri cha kupasha plagi), angalia kinyuzi. Kinatakiwa kiwake rangi ya chungwa iliyokolea, chote, mpaka chini. Kikiwaka nusu, au chekundu hafifu, chaji kiwashio kwanza kabla hujalaumu plagi, betri zake ni za volti 1.2 na zikishuka kidogo tu hakiwaki vizuri. Na usije ukajaribu na betri ya pikipiki, volti 12 inakikata hapohapo.

Soma na sura yake. Kinyuzi kinang'aa na kimelowa oili, injini iko vizuri au nzito kidogo, yaani mafuta yamezidi hewa. Kimekuwa cha kijivu kimepauka, kimepinda au kimebanwa upande mmoja, ujue injini imekuwa ikikosa mafuta au inapata moto kupita kiasi, kwa hiyo ukibadilisha plagi peke yake umebadilisha dalili tu, mpya nayo itakufa.

Ukitoa kiwashio injini ikazima wakati ilikuwa inanguruma vizuri, ni plagi imechoka au mchanganyiko ni mzito sana. Weka plagi mpya kwanza ndo ujue ni lipi.

Na kama kamba imegoma kabisa kuvutika, USIVUTE KWA NGUVU. Silinda imejaa mafuta, na mafuta hayagandamiziki, utapinda konrodi. Toa plagi, geuza kigari juu chini, vuta kamba mara tano sita taratibu mafuta yaruke nje (uso uwe pembeni), futa, rudisha plagi. Kamba yenyewe usivute mpaka mwisho wake, mivuto mifupi ya haraka inatosha.

Tenki na mipira, hapa ndo pana mambo

Kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kukagua ningechagua hapa. Tenki lina mipira miwili, mmoja unapeleka mafuta kwenye kabureta na mwingine unatoka kwenye bomba la moshi unaleta presha ndani ya tenki. Huo wa presha watu wanausahau kabisa. Moshi unasukuma mafuta, kwa hiyo ukichomoka au ukipasuka, injini kwenye sailensi itakuwa nzuri tu, ila ukipiga resi ndefu inakosa mafuta, inalia kwa sauti nyembamba afu inakufa. Mtu anafikiri sindano, kumbe ni mpira umechomoka kwa nyuma.

Fanya hivi. Chomoa mipira yote miwili kwenye injini, tenki likiwa tupu. Ziba mmoja kwa kidole, kwenye mwingine unganisha bomba la sindano la hospitali, lile kubwa la plastiki, bila ile sindano yenyewe, afu zamisha tenki kwenye beseni la maji na usukume hewa taratibu. Usipulize kwa mdomo maana kuna mabaki ya methanoli. Angalia mapovu. Yakitoka pembeni ya kifuniko, oringi yake imekakamaa au kuna mchanga umekaa juu yake, na kwa vumbi letu la huku mchanga ni kila siku. Ifute, ikiwa imepasuka weka mpya. Yakitoka kwenye shina la kijibomba mpira unapochomekwa, tenki limechanika. Yakitoka kwenye mpira, umeshaona kitundu, na hapo usihangaike na gundi, kata.

Kuna dalili moja inawatesa sana watu. Tenki likiwa limejaa injini iko poa, likifika nusu inaanza kukimbia resi yenyewe na kupata moto. Mara nyingi ni kifuniko kinavuja presha. Ikitokea kwenye kona za upande mmoja tu, angalia mahali mpira unanyonyea ndani ya tenki, kwa kindege ni kile kizito cha shaba mwishoni mwa mpira kimenasa au mpira wake umekuwa mgumu.

Sasa tazama mpira wa mafuta injini ikiwa inanguruma. Mapovu mawili matatu mwanzoni sio tatizo. Ila msururu wa mapovu usioisha maana yake hewa inaingia mahali, au tenki limegusa chesisi linatetemeka mpaka mafuta yanatoa povu. Angalia pia mpira haujapinda hadi kujibana.

Filta ya mafuta ifungue, suuza kwa mafuta yaleyale ya nitro, rudisha. Basi.

Filta ya hewa ni stori nyingine kidogo. Ukicheza Kisongo au kule Unga Limited kiangazi, sponji inajaa udongo mwembamba ule kama unga, injini inakosa hewa, mchanganyiko unakuwa mzito, inatoa moshi mwingi na inachoka. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kausha kabisa, tia oili ya filta ikolee sponji nzima. Ukicheza bila oili vumbi linapita moja kwa moja na baada ya tenki chache kompresheni imekwenda, na hiyo hairudishwi na sindano yoyote.

Kabla hujafika kwenye sindano kaza boliti za kabureta na kifuniko cha nyuma cha injini, na uangalie oringi ya shingo ya kabureta. Injini ambayo ukiachia resi inachelewa kushuka, inaning'inia juu sekunde kadhaa ndo inashuka, mara nyingi inavuta hewa hapo.

Haya sasa, sindano

Kama umefika hapa na tatizo bado lipo, chukua bisibisi. Lakini kwanza funga sindano ya juu taratibu mpaka iguse, bila kuikaza, huku unahesabu mizunguko, andika namba hiyo kwenye simu, afu irudishe ilipokuwa. Fanya hivyo na ya chini (ya sailensi na resi ndogo). Kama ulishapotea kabisa, tafuta kijitabu cha injini yako uanzie namba za kiwandani, hazifanani injini kwa injini.

Kufunga, yaani kuelekea mshale wa saa unakokwenda, kunapunguza mafuta, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Kufungua kunaongeza, unakuwa mzito. Zungusha moja ya nane ya mzunguko kila mara, sio zaidi, afu piga raundi mbili ndo uamue. Na injini iwe imeshapata moto wa kazi, ukitayuni ya baridi utakuwa umejidanganya.

Anza na ya juu. Piga resi yote kwenye mstari mrefu, usikilize na uangalie moshi. Sauti nzito ya kugugumia, moshi mwingi, mafuta yanaruka kwenye bomba, ni nzito, funga kidogo. Sauti kali nyembamba, HAKUNA MOSHI, mwendo unapanda vizuri afu unapotea katikati ya mstari, ni nyepesi, achia resi palepale na ufungue. Unachotaka ni mstari wa moshi mwembamba wa bluu unaoonekana muda wote.

Ya chini ipime kwa kubana mpira. Injini ikiwa kwenye sailensi, bana mpira wa mafuta karibu na kabureta, uhesabu. Inatakiwa iendelee sekunde mbili mpaka nne, ipande resi kidogo, ndo ife. Ikifa hapohapo ulipobana, ni nyepesi. Ikiendelea sekunde sita saba inanguruma tu, ni nzito. Hapo unaelewa pia kwa nini inazima ukikanyaga resi ghafla, ikijikohoza na moshi kabla ya kufa ya chini ni nzito, ikikatika ghafla bila moshi ni nyepesi. Skrubu ya sailensi iwe ya mwisho kabisa, watu wanaanza nayo ndo maana hawafiki.

Joto, kama huna kipimajoto, dondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini karibu na plagi. Likichemka na kuisha kwa sekunde tatu mpaka tano uko sawa, likiruka na kuisha papo hapo zima injini, likikaa tu bila kuchemka ni nzito. Kumbuka tu kwa Arusha maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo tone litakudanganya kidogo kwamba injini ina moto. Kipimajoto cha kuelekeza ni bora, injini nyingi za vigari zinafurahi kati ya nyuzi 100 na 125.

Arusha sio Moshi

Hili naliandika kwa uchungu. Krismasi moja nilishuka na kigari kwenda nyumbani kama wachaga wote, nilikitayuni Njiro kikawa kitamu kweli, nimekikausha kidogo kipate spidi. Tulipofika Moshi mjini wapwa zangu wakaning'ang'ania, mjomba, mjomba washa, nikakitoa kwenye kiwanja cha Pasua bila kugusa kitu. Kikaenda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, sauti kali, watoto wanakimbia nyuma yake wanashangilia, na mi nilikuwa nafurahi nao wakati moshi kwenye bomba haupo. Dakika ya nne kikalia mlio mmoja mrefu kikasimama. Kufungua, kinyuzi cha plagi kimejikunja, pistoni ina mikwaruzo ya juu mpaka chini, konrodi inacheza.

Sababu ni hewa. Arusha mjini iko kama mita 1,400, Moshi mjini ni 800 na kitu, na kwa kila mita 300 unazopanda hewa inapungua kama asilimia 3. Ukishuka zile kilomita 80 unaongeza hewa kama asilimia 5 kwenye injini ileile, sindano ileile, na mafuta hayajaongezeka. Joto la Moshi linapunguza tofauti kidogo kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, lakini halifuti. Kwa hiyo ukishuka, fungua sindano ya juu moja ya nane mpaka robo ya mzunguko kabla hujawasha, afu funga taratibu ukiangalia moshi. Ukipanda kurudi Arusha itakuwa nzito, itakohoa, hiyo haiui injini. Ukitoka Moshi mjini ukapanda Marangu nako ni hivyohivyo, umerudi karibu na kimo cha Arusha. Hata hapahapa Arusha, uliyotayuni saa saba mchana usiiwashe kesho saa moja asubuhi bila kufungua kidogo, hewa ya baridi ni nzito.

Ukimaliza kucheza

Nusu ya injini ninazoletewa zikiwa zimegoma kuwaka ziliachwa na mafuta ndani wiki tatu. Yale mabaki yanavuta unyevu na beringi ya nyuma inashika kutu. Mwaga mafuta yote ya tenki, usiyarudishe kwenye chupa nzuri. Washa injini mpaka iishe yenyewe, rudia mpaka isishike tena. Toa plagi, dondosha matone machache ya oili nyepesi ya mashine kwenye shimo la plagi na mengine kwenye kabureta, vuta kamba mara kumi isambae, rudisha plagi.

Halafu zungusha flaiwili kwa mkono mpaka pistoni ishuke chini kabisa. Silivu za injini hizi (mrija ambao pistoni inapanda na kushuka ndani yake) zimebana juu, pistoni ikipoa ikiwa juu inanasa na siku ukirudi kamba haivutiki. Mi nimechora alama ya peni nyeupe kwenye flaiwili, ikitazama chini najua pistoni iko chini, nafunika kabureta na kitambaa safi, chupa naifungia kwenye kabati la juu lenye kufuli, na ufunguo nakaa nao mwenyewe.